Herufi Kubwa Mwanzoni

Kuni zinapungua, na si mimi ninayezichoma zote.
Nilihesabu kwa chaki ukutani: Jumatatu safu tisa,
Alhamisi saba na nusu. Hapa Kutaisi baridi haijaanza hata kung'ata;
nani huyu anayeota moto wangu mapema hivi?
Basi nikaenda soko la stesheni, nikanunua jicho,
dogo kuliko komamanga, lari themanini,
muuzaji akiapa kwamba halilali.

Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza mabasi ya umeme,
yale yenye pembe mbili juu, yanayonyonya waya wa barabarani.
Kwangu mimi kitu kisicho na waya ni uvumi.
Nipe waya niushike, nijue unatoka wapi, unakwenda wapi.
Hiki wanasema kinapita hewani, kinavuka kuta,
ingawa ukuta wa mawe wa babu yangu
kinauogopa kidogo.

Nikapanda ngazi, Guliko akaishika,
mjane wa kaka yangu, ana maneno kuliko misumari.
"Kushoto. Hapana, kushoto kwangu!"
Nikatoboa juu ya mzabibu, vumbi la tofali likaniingia mdomoni,
nikakaza skrubu tatu. Ya nne ilianguka majanini,
mpaka leo iko huko.
Taa ndogo ikapepesa: nyekundu, nyekundu, nyekundu.
Simu ikaniuliza mtandao. Nikachagua wetu,
si ule wa kasi, karatasi ilikataza;
kamera hizi hupenda mwendo wa pole.
Kisha ikaniuliza nenosiri.

Ruta aliiweka Eteri, wiki moja kabla hajaondoka
kwenda Bolonya kulea mama za watu.
Kibandiko cha chini paka alikikwangua zamani.
Nikajaribu jina langu.
Nikajaribu la mama yake, Mungu amrehemu.
Nikajaribu la paka.
Nikampigia.

Nyuma yake nilisikia bibi akikohoa Kiitaliano, maji yakimiminwa.
"Nenosiri, mwanangu."
Kimya.
"Eteri, niko juu ya ngazi."
"Shuka kwanza," akasema.
Nikashuka. Nikakaa juu ya kuni, hizo hizo zinazoibwa.
"Herufi kubwa mwanzoni. B."
Kisha a. Kisha d.
Hakuhitaji kufika mwisho, lakini alifika,
herufi moja moja, kama anayemlisha mgonjwa kwa kijiko,
na mwaka nyuma yake: elfu mbili na kumi na moja.

Badri. Mwana wa Otia,
Otia niliyeshtakiana naye kwa hatua mbili za udongo
pale penye uzio, nami nikatamka mezani,
mbele ya wageni, glasi mkononi,
nani ataingia nyumba hii na nani hataingia.
Nilisema mara moja. Yeye hakujibu hata mara moja.
Na miaka yote hii nimetazama mpira,
nimesikiliza habari, nimeimbiwa siku ya kuzaliwa kutoka mbali,
na vyote vilipita kwenye jina hilo
kabla ya kunifikia.

"Umeandika?"
"Nimeandika."
Taa ikawa ya kijani.
Hakuna aliyekata simu. Hakuna aliyesema.

Asubuhi nikakuta picha ya saa tisa usiku: mtu uani.
Mtu wa kijivu, kofia, makoti mawili,
amesimama penye uzio wa Otia, ananyoosha shingo
kuelekea dirisha lisilo na taa.
Ilinichukua muda kujitambua kwa mgongo.

Mwizi sijamwona. Kuni zimebaki safu tano.
Na umeme wa mtaa wetu ni ule ule, ukikatika
kamera hii ya bei ya chini husahau kila kitu,
ukirudi huniuliza upya, kama haijawahi kuniuliza.
Guliko anasema badilisha, weka kitu chepesi,
moja mbili tatu nne.
Mimi natafuta miwani. Naanza na herufi kubwa.